Watu wa Rejista: Elimu ya Usimamizi wa Afya Lubumbashi

Kenya inayozungumzwa hapa si nchi. Ni komuni ya mji wa Lubumbashi, yenye soko, baa, makanisa yasiyohesabika, uwanja wa mpira wenye jina la Frédéric Kibassa Maliba, na hospitali kuu ya rufaa ya zoni ya afya inayoitwa vilevile Kenya. Katika hospitali za mji huu mgonjwa hakutani kwanza na daktari. Hukutana na dirisha. Hapo hununua fishi, yaani kadi ya mgonjwa, jina lake huandikwa pamoja na umri na avenyu anayokaa, kisha huelekezwa benchi la kusubiri. Akishatibiwa atarudi dirishani, au ndugu zake watarudi, maana homa ikiisha deni bado lipo. Na mwezi unapokwisha kuna mtu atakayeketi na rejista zote, ajumlishe malaria, wajawazito, waliofariki, dawa zilizobaki na fedha zilizoingia, ajaze karatasi, aipeleke ofisi ya zoni.

Mtu huyo alisomea wapi? Swali linafaa kuulizwa wakati huu, kwa kuwa chuo kikuu cha mji kimefikia umri wa babu: agizo la kukianzisha lilitoka Ubelgiji mwaka 1955, na wanafunzi wa kwanza wakaingia darasani 1956. Chuo cha umri huo kinapokumbukwa, hutajwa wahandisi wake wa migodi, wanahistoria wake, madaktari wake, na mawaziri waliopita humo. Watu wa rejista hurukwa. Hata wao wenyewe wakiulizwa asili yao, hutaja mwaka idara yao ilipofungua milango, na hapo huwa wameanzia katikati. Katika Kongo kiti cha msimamizi wa afya kilikuwepo kwanza. Vyuo vilikuja nyuma kutafuta wa kukikalia. Kwa hiyo historia yao inaanzia mbali na ukumbi wa mihadhara, kwenye shimo la shaba.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa 1906. Reli kutoka kusini ilifika 1910, na mji wa Élisabethville ukaanza mwaka huohuo. Wafanyakazi waliletwa kutoka mbali, Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, baadaye Ruanda-Urundi, na katika miaka ya mwanzo walikufa kwa wingi makambini kwa nimonia na magonjwa ya kuhara. Kampuni ilikuwa imekwisha kugharamia kila mmoja wao: wakala wa kuajiri, nauli, posho ya njiani. Mtu akifa wiki ya tatu kazini, hasara ilionekana waziwazi kwenye daftari. Ndipo kampuni ilipoanza kuhesabu kwa bidii. Mwaka 1923 madaktari Pearson na Mouchet walichapisha kitabu kizima juu ya usafi wa makambi ya wafanyakazi katika Afrika ya tropiki, kilichotokana na uzoefu wa Katanga. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 kampuni iliacha mtindo wa kuleta vijana wa miezi michache na kuwarudisha; ikawaita wakae na wake zao, ikajenga zahanati za watoto, ikapima uzito wa wachanga na kutoa mgao wa chakula kwa akina mama. Daktari Léopold Mottoulle, aliyesimamia mambo ya wafanyakazi Waafrika, ndiye anayehusishwa zaidi na siasa hiyo.

Tusidanganyane: huo ulikuwa mfumo wa taarifa za afya, tena wenye nidhamu ambayo ofisi nyingi za leo zingeionea wivu. Ila ulikuwa mali ya kampuni. Uliuliza maswali ya kampuni, ukajibu wakubwa wa kampuni, na mtoto aliyepimwa Jumatatu alipimwa kama mfanyakazi wa kesho. Mkaazi wa Kenya au Kamalondo asiyekuwa mtu wa Union Minière, yaani fundi cherehani, mchuuzi wa samaki wa Luapula, mpishi wa nyumba ya Mzungu, alibaki nje ya hesabu hiyo. Tabia ya kutunza kumbukumbu nzuri za walioajiriwa na kuwasahau wengine haikufa na ukoloni. Wanaosomea kazi hii leo hufundishwa kuipiga vita, na wengi wao hawajui ilizaliwa mlangoni kwao.

Mkongo alikuwa wapi katika kazi hiyo? Alikuwa karani, muuguzi, au akibahatika sana msaidizi wa tiba. Ngazi ya mwisho ilikuwa hapo. Hospitali kubwa ya jimbo mjini Lubumbashi ina jina la Jason Sendwe, na wengi humkumbuka kama mwanasiasa wa Waluba wa Katanga, kiongozi wa chama cha BALUBAKAT aliyeuawa Albertville Juni 1964. Kabla ya siasa Sendwe alikuwa msaidizi wa tiba. Naona ni jambo la kupendeza kwamba, katika mji unaowaenzi madaktari kiasi kile, hospitali kubwa kuliko zote inaitwa kwa jina la mtu ambaye utawala wa kikoloni haukumruhusu kuwa daktari.

Uhuru ulipofika Juni 1960, Kongo haikuwa na daktari Mkongo aliyehitimu chuo kikuu. Madaktari wa Kibelgiji waliondoka kwa mamia. Shirika la Afya Duniani lilileta madaktari wa nje, na wasaidizi wa tiba zaidi ya 60 wakapelekwa Ufaransa kukamilisha udaktari. Waliporudi miaka michache baadaye ndio wakawa kizazi cha kwanza. Safari ile ilikuwa ya madaktari. Stoo, mishahara, chakula cha wagonjwa na takwimu viliachiwa makarani waliokuwepo na masista wa misheni waliokubali kubaki. Katanga ilikuwa imejitenga, na hadi Januari 1963 mji wa Élisabethville ulikuwa makao ya dola isiyotambuliwa. Hapakuwa na mtu wa kufikiria mtaala wa usimamizi wa hospitali.

Mwaka 1971 serikali ya Mobutu ilivikusanya vyuo vikuu vitatu vya nchi, cha Kinshasa, cha Kisangani na cha Lubumbashi, kuwa chuo kimoja cha taifa, UNAZA. Fani ziligawanywa kwa miji. Lubumbashi ilipata fasihi na sayansi za jamii miongoni mwa nyingine. Masomo ya tiba yakapelekwa Kinshasa, na yalirudi baadaye. Taasisi za juu za ufundi nazo ziliingizwa chini ya mwavuli huo, zikiwamo zile za ufundi wa tiba zinazojulikana kwa herufi zao za Kifaransa, ISTM. Mwavuli ukakunjwa 1981, kila chuo kikarudishiwa jina na uongozi wake, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi kikaanza kuitwa UNILU.

Jambo lililoamua hatima ya fani yetu halikutokea katika chuo chochote kati ya hivyo. Lilitokea Kasongo, katika Maniema, mji wa Waswahili wa zamani ambako Tippu Tip aliwahi kutawala. Kuanzia 1971 Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp ilikuwa na mradi huko. Wazo lake lilikuwa jepesi kulisema na gumu kulitenda: badala ya hospitali moja kubwa inayosubiri wagonjwa mahututi, kuwe na vituo vya afya vinavyoendeshwa na wauguzi, kila kimoja kikiwajua watu wake kwa majina, kwa kiasi cha watu elfu kumi, na hospitali ya rufaa iwe nyuma yao. Kituo kikiwajua watu wake, lazima kiwaandike. Mwaka 1981 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa timu ya Kasongo juu ya chanjo ya surua na vifo vya watoto. Utafiti wa namna ile hauwezekani pasipo mtu wa kupita nyumba kwa nyumba akiandika nani kazaliwa na nani kafa. Wataalamu wanaendelea kubishana juu ya hitimisho lake. Kwangu jambo kubwa ni kwamba watoto wale waliandikwa, mbali na kampuni yoyote ya madini, kwa faida yao wenyewe.

Mifano kama hiyo ilikuwa ikijaribiwa pia Bwamanda, Kisantu, Vanga na kwingineko. Baada ya mkutano wa Alma-Ata wa 1978 juu ya huduma ya afya ya msingi, Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, haikuhitaji kuagiza mfano kutoka nje, maana ilikuwa nao nyumbani. Hadi katikati ya miaka ya 1980 nchi nzima iligawanywa zoni za afya 306, kila moja na hospitali yake ya rufaa, vituo vyake na ofisi kuu yake. Leo ni 519. Mjini Lubumbashi komuni na zoni zinafuatana kwa karibu, na hivyo Kenya ya mpira na ya soko ikawa pia Kenya ya afya.

Ofisi kuu ya zoni ilihitaji watu. Juu alikaa daktari, mganga mkuu wa zoni. Pembeni yake waliwekwa wauguzi wasimamizi wa kuzunguka vituoni. Na waliobuni mfumo wakaongeza mtu wa tatu, msimamizi mtawala, ambaye kutoka Lubumbashi hadi Bunia huitwa kwa herufi mbili tu: AG. Ni yeye wa fedha, watumishi, magari, pikipiki, majengo, dawa zikiwa stoo, na karatasi zikiwa njiani. Hakuna maamuzi ya zoni yasiyopita mezani pake, na hakuna lawama ya zoni isiyoishia hapo. Cheo kikawepo kwenye chati kote nchini, karibu kwa siku moja. Sasa wenye cheo watoke wapi? Mwanzoni walitoka popote: muuguzi mzee anayejua hesabu, mhasibu wa misheni, karani wa wilaya, shemeji wa mtu.

Hapo ndipo shule zilipoingia. Kinshasa ilipata Shule ya Afya ya Umma katikati ya miaka ya 1980, kwa msaada wa Marekani na Chuo Kikuu cha Tulane, kwa ajili ya kuwafundisha zaidi madaktari wa zoni. AG alifikiriwa na ISTM. Katika taasisi hizo, ya Lubumbashi ikiwamo, lilikuwepo tawi la usimamizi wa taasisi za afya, lililokuja kuitwa baadaye usimamizi wa mashirika ya afya. Kijana alisoma miaka mitatu ya graduati, akitaka akaongeza miwili ya lisansi. Katika lugha ya watumishi wa afya wa Kongo, mhitimu wa sekondari ya uuguzi ni A2, mwenye graduati ni A1, mwenye lisansi ni A0, na mtu huweza kujulishwa kwako kwa ngazi yake kabla hujaambiwa jina. AG aliyetoka ISTM alikuwa A1 kama muuguzi aliyesoma naye jengo moja, na usawa huo haukuwafurahisha wauguzi: wao walijua kushika sindano, mwenzao alijua kushika funguo.

Masomo yenyewe yalikuwa mchanganyiko ambao ukiusoma kwenye ratiba unakuchekesha kidogo. Asubuhi uhasibu, mchana anatomia kwa muhtasari, kesho yake takwimu, demografia, sheria za kazi, utunzaji wa dawa, epidemiolojia, saikolojia ya watumishi. Mwalimu wa uhasibu alikuja kutoka benki au kampuni, wa takwimu kutoka chuo kikuu, wa dawa kutoka hospitalini akiwa bado na koti lake. Hakuna kati yao aliyekuwa AG. Fani ilifundishwa kwa muda mrefu na watu wa fani nyingine, na nadhani hiyo ndiyo sababu wahitimu wake walikuwa wazuri wa kufunga hesabu na wazito wa kuuliza hesabu ile inasema nini juu ya ugonjwa.

Kisha ikaja miaka ya 1990, na ni lazima kutulia hapa, kwa sababu hiyo ndiyo iliyomfanya AG wa Lubumbashi kuwa alivyo.

Usiku wa Mei 11 kuamkia 12, 1990, wanafunzi waliuawa katika kampasi ya Lubumbashi. Idadi yao inabishaniwa hadi leo. Ushirikiano wa Ubelgiji na Zaire ukakatika. Septemba mwaka huohuo mgodi wa Kamoto ulibomoka, na Gécamines, mrithi wa Union Minière, ikaanza kuanguka: kampuni iliyotoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa chini ya tani 50,000 miaka kumi baadaye. Mwaka 1991 askari waliipora nchi, na misaada mingi ya nje ikafungwa. Kati ya 1992 na 1994 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Katanga kwa mamia ya maelfu, na pamoja nao wakaenda walimu, wauguzi na makarani waliozaliwa hapa na kuzungumza Kiswahili cha hapa. Mfumuko wa bei ulikaribia asilimia 10,000 mwaka 1994. Kati ya 1993 na 1998 nchi ilibadili fedha mara mbili, zaire mpya kisha faranga ya Kongo.

Mtazame sasa AG na daftari lake. Bajeti aliyoiandika Januari ilikuwa karatasi tupu kufikia Machi. Mshahara wa serikali haukutosha sabuni. Hospitali ziliacha kulishwa na dola zikaanza kulishwa na mgonjwa: fishi, kitanda, upasuaji, kuzaa, kila kitu na bei yake, na kilichopatikana kiligawanywa kwa mafungu, hili la dawa, hili la uendeshaji, hili la watumishi. Mgao wa watumishi ukawa ndio mshahara wenyewe. Fedha za kigeni ziliwekwa safu moja na za nyumbani. Mama aliyejifungua na kushindwa kulipa alizuiwa wodini mpaka ukoo ukusanye, na jina lake lilikuwa kwenye orodha iliyotunzwa na mtu wa utawala. Katika vyumba vya madarasa usimamizi ulikuwa sayansi ya afya ya wengi. Dirishani ulikuwa sayansi ya kukusanya. Simlaumu AG, alikuwa na watumishi mia mbili wakimtazama usoni Jumamosi. Lakini fani ilipata sifa mbaya ambayo bado inaifuata: mtu wa utawala, kwa mkaazi wa kawaida wa mji, ni yule anayekataa kukuruhusu utoke.

Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa UNILU aliwaandika watoto wa Shaba (jina la Katanga enzi za Mobutu) kama watoto walioachwa na baba yao, na baba huyo ni Gécamines. Kwa afya maana yake ilikuwa dhahiri. Mfanyakazi wa kampuni na familia yake walitibiwa katika hospitali za kampuni bila kufungua pochi. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi kama elfu kumi waliagwa kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, hiari ya jina tu. Familia zilizokuwa hazijawahi kununua fishi zikajipanga foleni Kenya, Katuba na Sendwe. Rejista za vituo zilipokea watu ambao kwa nusu karne walikuwa wameandikwa kwenye rejista za kampuni. Wanafunzi wa historia ya afya wangefaa kulinganisha vitabu hivyo viwili, kama panya na mvua havijavimaliza.

Katika hali hiyo UNILU ilipata Shule yake ya Afya ya Umma, mwanzoni mwa karne hii. Ushirikiano na vyuo vikuu vya Ubelgiji ulikuwa umerudi, na walimu wa Chuo Kikuu Huru cha Brussels wakawa miongoni mwa waliosaidia kuijenga. Kwa mara ya kwanza mtu wa Katanga aliweza kusoma afya ya umma hadi ngazi ya juu bila kupanda ndege kwenda Kinshasa, safari ambayo kwa barabara ni hadithi ya wiki. Waliojaza viti vyake walikuwa madaktari wa zoni, wauguzi wa A0, na wahitimu wa usimamizi kutoka ISTM waliotaka kujua kile ambacho graduati haikuwaambia. Tasnifu zikaanza kuandikwa juu ya mambo ya jirani: risasi na kobalti katika damu ya watu waishio karibu na viwanda, malaria ya watoto, gharama za kujifungua, ubora wa ripoti za vituo. Ukisoma orodha ya mada hizo utaijua Lubumbashi kuliko kwa kusoma magazeti.

Haut-Katanga pia iligeuzwa uwanja wa majaribio. Kuanzia mwaka 2010 hivi, katika wilaya ya wakati huo ya Haut-Katanga, mradi wa Benki ya Dunia ulijaribu kulipa vituo kulingana na huduma vinazotoa, huku vituo vingine vikipokea kiasi kisichobadilika. Wanauchumi Elise Huillery na Juliette Seban waliufuatilia. Watumishi waliolipwa kwa huduma walipunguza bei na kutoka nje kuwaita watu. Hata hivyo wagonjwa hawakuongezeka, na mradi ulipoondoka ari ya watumishi ilikuwa imeshuka. Miradi mingi ya kigeni ya aina hii huacha ripoti ndefu na somo fupi. Huu uliacha somo refu: kila malipo yalitegemea idadi iliyoandikwa na mtu kituoni, kwa hiyo kila idadi ilihitaji mtu wa pili wa kuihakiki. Ghafla mtunza rejista alikuwa na thamani ya fedha, na kishawishi cha fedha.

Karibu na wakati huo karatasi zilianza kuhamia kwenye kompyuta. Wizara ya Afya ilichukua DHIS2, programu iliyokua kutoka Afrika Kusini na Chuo Kikuu cha Oslo na inayotumika leo katika nchi nyingi za Afrika, na kuanzia katikati ya miaka ya 2010 ofisi za zoni zikawa zinaingiza humo ripoti za mwezi. Muuguzi wa kituo bado hujaza kanevasi, karatasi ya ripoti ya mwezi, kwa kalamu. Huipeleka kwenye kikao cha mwezi, wenzake wakaipekua, wakauliza kwa nini chanjo za tatu zimezidi za kwanza, yeye akajitetea au akasahihisha. Baada ya hapo ofisi ya zoni ndiyo huingiza kwenye kompyuta, umeme ukiwepo na intaneti ikikubali. Mwaka 2015 Katanga ya zamani ilikatwa majimbo manne, Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika, na kila moja likahitaji divisheni yake ya afya yenye ofisi ya taarifa. Nafasi za kazi zilizaliwa tena kabla ya watu wake. Kwa kipindi kifupi, aliyejua kutoa jedwali kutoka DHIS2 na kulieleza mbele ya mkuu wa divisheni alikuwa mtu wa kutafutwa.

Vyuo vilijibu kwa haraka iliyopita kipimo. Mbali na ISTM ya serikali, taasisi za binafsi zilichipuka mjini, na nyingi ziliweka usimamizi wa afya kwenye bango, kwa kuwa ni fani isiyohitaji maabara wala maiti ya kupasulia. Mtaala nao ulipinduliwa. Uhasibu ulibadilika Kongo ilipoingia OHADA, jumuiya ya sheria za biashara ya nchi za Afrika, mwaka 2012, na vitabu vya mpango wa hesabu wa zamani vikawa vya kufungia karanga. Kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022 serikali iliamuru mfumo wa lisansi, masta na udaktari kote nchini. Graduati, ile iliyozaa AG wawili watatu katika kila zoni, ikaanza kufutika. Lisansi sasa ni ya miaka mitatu, masta miwili juu yake. Walio na lisansi ya zamani ya miaka mitano hawajaacha kuuliza, kwa sauti, wanalingana na nani.

Wengi wao wanauliza wakiwa kazini bila kuajiriwa. Kongo ina kundi kubwa la watumishi wa afya wanaoitwa “vitengo vipya”, waliopangiwa hospitali na kufanya kazi miaka bila namba ya utumishi wa serikali, wakiishi kwa mgao wa dirishani. Msimamizi kijana katika kundi hilo ana kazi ya ajabu: anagawa fedha ambazo yeye mwenyewe ni mmoja wa wanaozingoja. Na juu yake yupo daktari. Ugomvi wa daktari na msimamizi si wa Lubumbashi peke yake, lakini hapa una sura yake, kwa sababu mganga mkuu wa zoni ni daktari kwa kanuni, naye msimamizi, hata akiwa na masta ya afya ya umma aliyoisoma dawati moja na daktari huyo, hubaki kuwa AG wake. Majirani wamejaribu njia nyingine. Mzumbe, Tanzania, wana shahada ya usimamizi wa mifumo ya afya. Nchi ya Kenya, ile yenye Nairobi, ilipitisha sheria mwaka 2016 ya kuwatambua wasimamizi wa kumbukumbu na taarifa za afya kama wanataaluma wenye bodi yao. Kongo ina chama cha madaktari chenye nguvu ya sheria, na wauguzi walipata cha kwao. Mtu wa rejista angali anategemea hisani ya bosi wake. Kama kuna jambo moja ambalo wahitimu wa miaka hii wangestahili kulidai, kabla ya majoho na hotuba, ni hilo.

Sheria ya afya ya Desemba 2018 iliweka mkononi mwao kazi mpya. Iliahidi huduma ya afya kwa wote, na Septemba 2023 serikali ilianza, kwa Kinshasa, mpango wa kujifungua bila malipo, kisha ukasogezwa majimbo mengine. Dirishani mambo yanageuka juu chini. Mama hadaiwi tena. Anayedaiwa ni dola. Hospitali huzalisha kwanza, huandika ankara kwa kila mama, hupeleka kwenye mfuko wa mshikamano wa afya, husubiri wahakiki, husubiri malipo. Ankara iliyokosewa umri wa mimba au aina ya upasuaji hurudishwa. Malipo yakichelewa, ni msimamizi atakayeamua kama gauzi zilizobaki zinatosha wiki hii au atume mtu CAMELU, bohari ya dawa ya mji, kukopa.

Wanafunzi wa mwaka wa mwisho hupelekwa staji katika hospitali za mji, na ya Kenya ni mojawapo. Hawapewi ofisi. Huketishwa pembeni ya karani, wakapewa rejista ya wodi ya wazazi na kanevasi ya mwezi uliopita, wakaambiwa wahesabu upya na waseme namba mbili hizo zinatofautiana wapi.